Maji Ndani ya Mrututu

Mzee Mashimba alitua mfuko wa mrututu juu ya meza yangu kabla sijamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mizani?"

"Ndiye mimi. Justa."

"Basi nipimie uongo huu."

Kibanda changu kiko Igogo, upande wa ziwani. Natengeneza mizani za wauza dagaa na za madukani. Kemia sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye kitabu kimoja kikuukuu kisicho na jalada, ukurasa mmoja kwa wiki, wakati mwingine kwa mwezi.

Mzee alikuwa ametoka Kisesa. Ng'ombe wake kumi na wanne walikuwa wanaoza kwato, na kwa wiki tatu alikuwa akiwaosha miguu kwa maji ya mrututu, yale mawe ya bluu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Hakuna aliyepona. Mrututu aliununua Mkuyuni, kwa Mastura.

"Amechanganya chokaa yule binti," alisema. "Mnada uko baada ya siku kumi. Nitasimama katikati ya wafugaji wote niwaambie. Hatauza tena hata dawa ya kuku."

Mastura namfahamu. Duka lile aliachiwa na mama yake, na mizani yake natengeneza mimi. Lakini kumfahamu mtu hakukuwa jibu la alichoniuliza mzee, kwa hiyo nilifungua kitabu.

Kitabu kina jedwali. Linasema kwamba maji gramu mia, yakiwa na joto la nyuzi ishirini, huyeyusha mrututu gramu thelathini na mbili, kisha hukataa. Ukiongeza, unakaa chini vilevile ulivyo. Nimelisoma jedwali hilo mara nyingi na bado hunishangaza: maji hayana macho, lakini yanajua pa kuishia.

"Maji yakikataa kwenye thelathini na mbili," nilimwambia, "mrututu wako ni mzuri. Yakienda kwingine, una kitu kingine ndani. Nipe siku tatu."

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

Nilitumia maji ya mvua. Niliyatia kwenye chupa pamoja na mrututu mwingi kuliko yanavyoweza kubeba, nikaisimamisha chupa ndani ya mtungi wa udongo uliojaa maji. Mtungi ule ni wa kazi, si wa kunywa. Unatoka jasho mchana kutwa, na asubuhi kipimajoto ndani yake husoma ishirini kamili. Kwa siku mbili nilikuwa nikiitikisa chupa kila nilipopita. Siku ya tatu asubuhi nilichuja maji yale ya bluu kwa kitambaa, nikapima gramu mia moja thelathini na mbili, yaani maji mia pamoja na mrututu wake kama kitabu ni kweli, nikayaweka kwenye bakuli la kauri juu ya karai la mchanga, na mkaa chini yake, maji yakauke ubaki mrututu peke yake.

Mzee alifika saa nne. Mastura alikuwa nyuma yake. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Da Justa, nimekuja nione mwenyewe," alisema. Hakukaa.

"Shikamoo husemi?" mzee akamuuliza.

"Shikamoo. Unataka kunifungia duka, na shikamoo unaidai."

"Marahaba. Adabu unayo, mzigo ndio hauna adabu."

Mastura alicheka kidogo bila kupenda, kisha akalisogelea karai, kwa sababu bakuli lilikuwa limekauka na ndani yake hakukuwa na bluu. Kulikuwa na unga mweupe.

Nililiepua bakuli, likapoa, nikaupima. Gramu ishirini na nusu. Nikaupima tena. Nikasafisha mizani, nikaweka vipande vya uzito nilivyo na hakika navyo, nikapima mara ya tatu. Ishirini na nusu.

"Soma kwa sauti, fundi," mzee akasema.

Nikasoma.

"Na kitabu kinasemaje?"

"Thelathini na mbili."

Mastura alishika ukingo wa meza. "Mimi nafungua gunia, napima, nauza. Sijawahi kutia kitu. Wallahi, Da Justa."

Nilitaka kumwamini. Lakini unga ulikuwa mweupe, na mizani ilikuwa nzima. Nilikuwa na neno mdomoni, na mpaka leo nashukuru kwamba mimi ni mzito wa kusema.

Nina sharti moja pale kibandani: ukigusa mrututu, unanawa, maana ni sumu. Mzee alikuwa ameushika mfuko wake, nikamwonyesha birika na beseni. Alinawa haraka kama mtu mwenye hamu ya kurudi kwenye ugomvi wake, hakujifuta, akaja kunyoosha kidole juu ya bakuli.

"Chokaa hii! Si nilisema? Cho..."

Tone likadondoka kutoka kwenye kidole chake.

Ule unga ulitoa mlio mdogo, kama kikaango kinapoguswa na maji. Pale tone lilipoangukia pakawa bluu. Si bluu hafifu. Bluu ile ile ya mawe, iliyotokea papo hapo katikati ya weupe, na ikasambaa mpaka maji yalipoishia.

Mzee aliuvuta mkono. "Unga umejibu," alisema kwa sauti ya chini.

Bakuli lilikuwa limeshapoa zamani. Niliongeza matone mawili, nikaligusa kwa nje: lilikuwa na joto. Nikamwita Mastura aguse. Nikamwita mzee. Tulisimama watatu tukilishika bakuli kwa zamu kama watu wanaompima mtoto homa, na hakuna aliyekuwa akigombana.

"Maji yalikuwa ndani ya jiwe," nilisema, nikijiambia mwenyewe. "Jiwe kavu. Unalishika, mkono haulowi, na zaidi ya theluthi yake ni maji. Moto wangu ndio uliyafukuza."

"Kwa hiyo gramu zilizopotea..." Mastura alianza.

"Labda ni maji. Kitabu kimepima mawe ya bluu, mimi nimepima unga. Lakini 'labda' si jibu. Nipeni siku nyingine. Safari hii bila moto."

Nilichuja gramu nyingine mia moja thelathini na mbili, nikaziweka kwenye sahani pana juani, nikaifunika kwa chandarua. Jua la Mwanza lilichukua siku nne. Mawe yalirudi yenyewe, yenye pembe zilizonyooka, kana kwamba kila moja lilikumbuka umbo lake. Hapakuwa na weupe popote. Niliyapima: thelathini na moja nukta nane.

Nilikaa nayo muda mrefu mchana ule, sikutengeneza mizani ya mtu yeyote.

Mzee alipokuja aliyaangalia mawe, akaangalia namba, akavua kofia. "Basi mrututu ni mzuri," alisema. "Na ng'ombe wangu je, mayu? Ni waongo?" Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Unachanganyia kwenye nini, baba?"

"Kwenye pipa. Pipa la chuma, nimelikata katikati."

Nilichukua msumari mpya, nikauning'iniza kwa uzi ndani ya kikombe cha maji ya bluu, nikamwomba anywe chai kwanza. Chai ilipokwisha nikauvuta uzi. Msumari ulikuwa mwekundu. Nikaukwaruza kwa ukucha: wekundu ukatoka, chuma kikaonekana chini.

"Hiyo ni shaba," nilisema. "Ndiyo dawa yenyewe. Inapenda chuma, inaacha maji."

Alitazama msumari, akanitazama, kisha akatoa simu. "Huyo binti wa Mkuyuni, nitajie namba yake."

Siku moja kabla ya mnada tulikuwa Kisesa, mimi na Mastura, aliyekuja na beseni kubwa la plastiki. Mzee Mashimba alikuwa amelilaza pipa juani na ameingiza nusu ya mwili ndani, anakwaruza kwa kisu. Alitoka na ngozi nyembamba ya shaba, pana kama kiganja, inang'aa. Aliiweka kwenye mkono wa Mastura kwa mikono yake miwili.

"Mzigo wako huu, mwanangu. Ulikuwa humu muda wote. Kesho nitasimama mnadani kama nilivyosema, ila nitakuja na pipa."