Bibi Nusu

"Geuka utazame dirishani," Mwalimu alisema pasipo kuondoa macho ubaoni. "Uso wako haujui kutunza siri. Ukinionyesha kosa hata kwa kope, umenifukuza kazi."

Mhadhiri kijana akageuka. Zamani alikuwa mwanafunzi wake, na mpaka leo, pamoja na shahada zake zote, mama huyu akiamuru, mwili wake hutii kabla ya akili.

"Nimegeuka, Mwalimu."

"Na usikohoe."

Nyuma ya darasa, mkuu wa idara alikuwa amejibana kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakikaribia kidevu. Alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta, akaacha.

Tangu alipoanza kukokotoa nguvu zinazoshikanisha protoni na neutroni ndani ya kiini cha atomu, Mwalimu alikuwa na sharti moja: hesabu hufanywa na watu wawili, katika vyumba viwili, asichungulie mtu kazi ya mwenziwe mpaka majibu yawekwe mezani pamoja. Yakilingana, kazi hupelekwa kuchapishwa. Asubuhi hii yaliwekwa, na hayakulingana. Jibu la Mwalimu lilikuwa maradufu ya jibu la kijana. Nusu nzima ilikuwa imepotea njiani, na kijana alikwishaona ilikopotelea. Mwalimu bado.

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi, kwa kuwa wanafunzi walimwita Bibi Nusu, jinsi alivyowakata alama bila huruma kila waliposahau kugawa kwa mbili. Lakini mwaka huu alikuwa amepita umri wa kustaafu, akibakizwa kwa mkataba. Nyumbani, mumewe alimkuta amebandika birika tupu juu ya moto, na haikuwa mara ya kwanza. Basi yeye mwenyewe, asiyependa kubembelezwa, alimwendea mkuu wa idara akamwambia kinagaubaga: "Siku nitakapokosea nisiweze kuliona kosa langu mwenyewe, nitakukabidhi ufunguo wa chumba changu. Usinionee haya." Mkuu alikubali shingo upande.

Alianza upya, mstari kwa mstari. Alama za kujumlisha na kutoa zilikuwa mahali pake. Milinganyo mirefu, ile inayowatoa jasho vijana, ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Alifika chini ya ubao, akarudi juu, akashuka tena. Safari hii mkono ulisita. Akajikuta anaisoma hesabu yake kama barua ya mtu mwingine.

"Mama," mkuu alisema kwa upole, "tuahirishe. Umechoka."

"Nani amechoka? Labda hilo dawati ulilolikalia."

Kijana dirishani aliuma mdomo asicheke.

Mwalimu alipiga moyo konde. Kama kosa halimo katika mambo magumu, litakuwa limejificha katika mepesi, mahali ambapo mtu wa umri wake haangalii tena. Akarudi kwenye michoro, kazi ya wiki ya kwanza darasani. Kila mchoro ulikuwa njia moja ambayo chembe mbili za kiini huweza kurushiana chembe nyingine ndogo mbili kwa pamoja. Chora njia zote, kokotoa kila moja, kisha jumlisha. Hapa alikuwa na michoro miwili. Katika wa kwanza, chembe ndogo aliyoiita A ilipita juu, na B ikapita chini. Katika wa pili, B ilipita juu na A chini. Herufi hizo alizitia mwenyewe, kurasa za hesabu zisimchanganye.

Akaitazama michoro hiyo. Akalowesha kidole kwa ulimi, akafuta A. Akafuta B. Akahamia mchoro wa pili, akafuta zote mbili.

Ubaoni ilibaki michoro miwili ambayo hata aliyeichora asingeweza kusema upi ni upi.

"Ala! Nani aliyewapa hawa majina?"

Akajigonga kifuani kwa kile kidole chenye vumbi la chaki.

"Ni mimi! Nimewapa majina wasio na majina, kisha nikawahesabu mara mbili kwa ajili ya majina hayo hayo. Mchoro ni mmoja. Gawa kwa mbili."

Kijana alishusha pumzi ndefu, kioo kikaingia ukungu. "Nigeuke, Mwalimu?"

"Geuka. Ungeandika wewe vile katika mtihani, ningekupa alama ngapi?"

"Usingenipa hata moja."

"Basi nimepata sifuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa zawadi mbele ya hadhara. Akamgeukia mkuu. "Nilisema nisipoliona. Nimeliona?"

"Umeliona, Mama. Mimi ni shahidi."

"Na mwakani utakuja tena kushuhudia?"

Mkuu alikuwa bado anajichomoa dawatini, mguu mmoja baada ya mwingine. "Nitakuja na mto wa kukalia."

Walipotoka, vicheko vyao viliendelea kusikika ukumbini. Mwalimu alifuta ubao wote, kona hadi kona, akachagua chaki mpya. Hesabu iliyofuata ilikuwa ya chembe ndogo tatu zinazorushwa kwa pamoja. Alichora mistari mitatu inayofanana kabisa, akarudi nyuma hatua chache na kuitazama, chaki ikiwa hewani, akitafuta aanze na upi pasipo kuuita jina.