Andika Mwingereza

Asubuhi ile wifi yangu Bethan alipiga simu kutoka Wales. Mama yao yuko hospitali, hali yake mbaya, anamwita Emrys, mume wangu. Tiketi ya ndege ya jioni tuliipata. Pasipoti ya mume wangu ndiyo iliyokuwa imezuiwa na watu wa uhamiaji hapa Ismailia, Misri, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe.

Wales iko ndani ya Britania, ila mtu wa huko ukimwita Mwingereza umemtukana, na kwao wana tabia moja. Fomu ikiuliza uraia, wanakata "Britania" wanaandika "Wales", halafu wanatembea kama waliorudi vitani na ushindi. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha. Kule kwetu karani hucheka akapokea. Hapa Bwana Wagdi, afisa wa uhamiaji, alitazama fomu yake ya kibali cha kuishi, akatazama pasipoti, akaona nchi mbili na mtu mmoja, akavifungia vyote kabatini. Yangu ilitoka siku hiyo hiyo. Mimi nimezaliwa Hull, Uingereza hasa.

"Bwana Emrys, tumalize," Wagdi alisema. "Andika hapa kwamba wewe ni Mwingereza, utie sahihi, uende kwa mama."

"Nitaandika Britania. Mwingereza siandiki."

"Sisi huku yote tunaiita Uingereza. Na kompyuta ndivyo inavyotaka."

"Na wewe nikikuandika Msudani? Si nyote mnakunywa maji ya Nile?"

Karani wa pembeni akacheka. Wagdi hakucheka. "Basi kalete barua ya ubalozi kutoka Kairo."

Kairo, kwenda na kurudi, ndege ingekuwa imeshaondoka. Nilimvuta mkono. "Mama yako anakufa, Emrys. Andika hata Mchina."

"Kwako rahisi, Maureen. Wewe nani amewahi kukuuliza u mtu wa wapi?"

Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Watu wakaenda kuswali adhuhuri, wakarudi, yeye bado yuko kwenye benchi, kidevu juu. Nikamwambia kiburi si maungwana. Akasema si kiburi, ila mtu kama mimi hawezi kuelewa.

Mwishowe aliinuka, akaandika, herufi moja moja, kama mtoto aliyepewa adhabu. Wagdi akagonga muhuri, akampa pasipoti kwa mikono miwili, maana si mtu mbaya. "Haya, mzee. Mungu amponye mama."

Tulikuwa bado mbele ya meza yake simu yangu ilipolia. Ni Bethan. Hakuweza kusema, alikuwa analia tu. Nilimwangalia mume wangu, akajua.

Nilimshika bega. Akautoa mkono wangu polepole, bila hasira.

"Mama amekufa," aliniambia, "huku mimi naandika kwamba ni mwenzenu."

Miaka kumi na tisa nimempikia, nimelala naye, nimezeeka naye. Siku hiyo ndipo nilipojua ananiweka upande gani.