Majina Thelathini na Moja

Faini ingefika laki sita na elfu ishirini, na kwenye fungu la riadha la chuo zilikuwa zimebaki laki nne, nazo tayari zina wenyewe: kodi ya bweni na nauli ya kurudi. Kosa lilikuwa la kocha, na hakuwa na wa kumsukumia.

Kocha alikuwa mkono wa birika, na kwa kazi yake hiyo ni sifa. Ada ya mashindano ya vyuo ilikuwa moja, ulete mtu mmoja au hamsini, uwaandikishe katika mchezo mmoja au yote. Akaona hapo kuna cha bure. Ukishalipia meza, unaacha chakula cha nini? Akawaandikisha wanariadha wake kumi na wawili kila mahali penye nafasi. Hata mtupa tufe, pande la mtu ambaye wenzake walimwita Kabati, alimtia kwenye mbio za mita elfu tano. Hakukusudia akimbie. Jina likae tu.

Jioni ya kuamkia mashindano, kwenye kikao cha makocha, mwamuzi mkuu akakumbusha kwamba muda wa kufuta majina ulikwisha tangu juzi. Kila jina ambalo mwenyewe hatatokea ni elfu ishirini, na bili inakwenda chuoni. Kocha akahesabu majina yake ya bure: thelathini na moja. Kikao kilipovunjika alimfuata mwamuzi mlangoni, akamwomba alipe kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake. Mwamuzi akasema faini haipokelewi mkononi, pesa zilishaliwa hivyo zamani. Basi kocha akauliza swali lililobaki: mtu akitokea, lazima ashinde? Mwamuzi akamwangalia kama mgonjwa. Si lazima. Lakini lazima amalize, au arushe, au aruke. Atakayekaa chini bila kuumia anahesabiwa hakuja.

Pesa za safari zilishikwa na mhasibu wa chuo, ambaye pia ni mdogo wa mkewe. Alimkuta kwenye ukumbi wa bweni anachaji simu, akamweleza yote. Shemeji yake hakupandisha sauti. Alimkumbusha tu alichosema mkuu wa chuo: riadha ikivuka fungu lake hata kwa senti, inafungwa, pesa zinahamia mpira wa miguu.

"Dada yangu unampimia hadi sabuni," akasema. "Leo cha bure ndicho kimekumaliza, shemeji."

Asubuhi kocha aliwakusanya vijana pembeni ya uwanja. Hakuzunguka. Aliwaambia amewaponza, na leo kila mtu atafanya kila kitu alichoandikiwa, vizuri au vibaya, ila amalize. Kisha mruka viunzi akauliza mkuki unashikwa upande gani, wote wakaangua kicheko, na kocha akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Siku hiyo watu waliona mambo. Mkimbiaji wa mita mia alirusha kisahani kikaishia hatua mbili mbele yake, mwamuzi akainua bendera nyeupe: mrusho ni halali. Msichana mwembamba wa mbio ndefu alisukuma tufe kwa mikono miwili, akarudishwa, akasukuma tena kwa mmoja. Kule jukwaani shemeji alikuwa anakunja vidole akihesabu, na kila jina lilipopita alimwonyesha kocha ngumi.

Kwenye mita elfu tano Kabati alipitwa mzunguko mzima mara tatu. Wa kwanza alishamaliza, akanywa maji, akavaa suruali, Kabati bado yumo. Wale waliokuwa wanamcheka wakaanza kumpigia makofi. Alipopita mbele ya kocha akasema, "Kocha, nikifa, viatu msimpe mtu. Vimeniua." Akamaliza. Akalala pale pale kwenye mstari kama gunia, na kocha akamfuta uso kwa shati lake mwenyewe.

Likabaki jina moja. Nahodha wa timu, msichana wa mita mia nane, alikuwa ameandikwa pia mita elfu moja na mia tano, nusu saa kabla ya mbio zake. Watatu wa kwanza kwenye mia nane wangeingia timu ya vyuo ya taifa, na wote walioandikwa alikuwa ameshawashinda msimu huo. Kocha alimwambia aiache hiyo ndefu. Akasema atakwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, atapiga magoti.

"Utapiga magoti, halafu mpira wachukue," nahodha akasema. "Niache nikimbie, kocha. Wengine kumi na mmoja wamekimbia."

Akakimbia zote mbili. Ile ndefu alijikongoja ya saba. Kwenye mia nane aliongoza mpaka kona ya mwisho, hapo miguu ikamgomea, wakampita mmoja mmoja.

Jua lilipolegea shemeji alikwenda kwenye meza ya waamuzi, akakaa huko kitambo, akarudi anacheka. Bili ilikuwa sifuri. Kocha alikaa kwenye nyasi. Vijana wakamwangukia shingoni, na nahodha akawa wa kwanza, jasho na vumbi na yote.

Kwenye basi, wengi wakiwa wamelala, shemeji alimuuliza basi imegharimu nini. Kocha akamhesabia. Viatu vya Kabati vimeachia soli zote mbili, na kucha mbili za miguu yake zimeng'oka. Bega la mkimbiaji wa mita mia limeteguka, wiki tatu nje. Na nahodha amekuwa wa nne kwenye mia nane, nyuma ya wa tatu kwa nusu sekunde.