Chumvi ya Gulioni

"Nakwenda kununua chumvi," alikuwa akisema mama mkwe wangu, Kabula, kila siku ya gulio pale Kibaoni. "Nikirudi nimkute hapa hapa."

Kisha aliuachia mkono wa binti yangu, Kashinje, akapotelea kwenye magunia ya mpunga. Chumvi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, na mara nyingi alirudi bila chumvi.

Nilipoachana na Masunga, mahakama ilimpa yeye mtoto, mimi nikapewa ruhusa ya kumwona. Nilipokwenda mara ya kwanza, Masunga alisimama penye zizi akaniambia mtoto amelala. Jua lilikuwa la utosi. Siku nyingine mtoto alikuwa machungani. Mwishowe akanikataza kukanyaga ua wake. Nikirudi mahakamani naambiwa njoo kesho, na kesho hakimu amesafiri. Nilichoka kuwa mama wa kwenye benchi. Aliyenihurumia ni Kabula, mama yake Masunga, na hakumwambia mwanawe.

Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilimwondoa Kabula kwa kichomi.

Nilikwenda msibani, nikapika ugali na wanawake wengine. Kashinje aliniletea maji ya kunawa, akapiga goti.

"Karibu maji, mgeni."

Ndivyo bibi yake alivyomfundisha, ajifanye amenisahau. Sauti yake haikutetereka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amejua kuficha kama mtu mzima.

Siku ya kuanua matanga, mzee Manyanda, shemeji wa marehemu, alisimama mbele ya watu.

"Anayemdai marehemu aseme sasa. Asije akatusumbua baadaye."

Jirani mmoja alidai chungu chake.

"Si kilitoboka kile?" aliuliza Manyanda.

"Kilitobokea hapa!"

Watu wakacheka, na chungu kingine kikatolewa. Nilikitazama kikipita mikononi mwa watu. Chungu kimepata wa kukisemea. Nikajikuta nimesimama.

"Haya, Mama Kashinje. Unamdai nini?"

"Mtoto," nikasema. "Kila gulio alikuwa akiniletea mtoto nimwone. Sasa hayupo. Nani ataniletea?"

Masunga aliniangalia kana kwamba nimefukua kaburi.

"Mama alikuwa anakwenda gulioni kuuza maziwa."

"Alikuwa anauza. Mtoto alikuwa anakaa na mimi."

"Unamsingizia maiti! Deni la namna hiyo halipo. Kaa chini!"

"Masunga, punguza sauti, huu ni msiba," alisema Manyanda. Halafu akanigeukia, ila hakunitazama machoni. "Tumekusikia, Mama Kashinje. Kuna mwingine?"

Basi. Wote waliniita kwa jina la mtoto, na hakuna aliyethubutu kunipa mtoto mwenyewe. Nilirudi kwa kaka yangu, nilikokuwa nikiishi, nikijilaumu. Siri ambayo Kabula aliilinda mpaka kufa, mimi nilikuwa nimeimwaga uani kwake kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Hata hivyo, niliendelea kwenda gulioni, nikikaa mahali petu pale pale na muwa niliokwisha kuumenya. Jioni niliugawa kwa watoto wa wengine.

Siku moja kivuli kikanisimamia. Alikuwa Masunga, kamshika Kashinje mkono. Hakunisalimia. Alitazama juu ya kichwa changu, kwenye magunia.

"Nakwenda kununua chumvi," alisema. "Nikirudi nimkute hapa hapa."

Maneno hayo ni Kashinje tu angeweza kumwambia. Mkono ule aliuachia polepole, kidole kimoja kimoja.

Kashinje alisubiri mpaka baba yake akapotea, ndipo akanilalia begani. Nywele zake zilikuwa zinaota upya baada ya kunyolewa kwa ajili ya msiba. Nilimpa muwa.

"Mama, leo atachelewa?"

"Wauza chumvi wako mbali," nikasema.

Kashinje hajamaliza pingili ya kwanza, Masunga alikuwa amesimama mbele yetu, na mkononi ameshika chumvi.