Mimbari Isiyo na Vigingi

Fundi Randa alikuwa na siri ya miaka kumi na moja, na siri hiyo ilikuwa ikimpeleka puta. Kila Jumamosi alifunga karakana mapema, akabeba kisanduku chake cha vifaa, akaenda kanisani kutengeneza mabenchi bila kudai hata asante. Waumini walimsifu. Laiti wangejua! Na kila Jumapili ya Meza ya Bwana, mkate ulipoanza kugawiwa, alitoka eti kuangalia bawaba za mlango. Bawaba zile zilikuwa nzima kuliko yeye.

Mkewe alizoea kwenda mbele peke yake. Alishauliza mpaka akachoka. "Sistahili, mama watoto," ndilo jibu alilopewa, basi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka alipofungua karakana, kanisa lilimpa kazi yake ya kwanza kubwa: mimbari. Mimbari ya namna ile haishikwi na misumari. Kila kiungo hutobolewa, kikapigwa kigingi cha mti mgumu. Randa alitoboa matundu yote, ila kuchonga vigingi akaona uvivu. Akajifanya mjanja. Akachanganya gundi na unga wa mbao, akaziba matundu, akapaka vanishi, kazi ikang'aa mpaka watu wakajitazama nyuso. Jumapili ya tatu, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, mimbari ikafumuka yote kwa mpigo. Akaanguka nayo, akavunjika mguu. Randa alipoulizwa, alikana kavukavu. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba mchungaji ndiye aliyeivunja kwa kurukaruka kwake akihubiri, wakamhamishia usharika wa mbali, masikini, anachechemea.

Jumamosi moja Randa alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti, akasikia fimbo ikigonga sakafu ya karakana. Kuinua macho, mchungaji yule yule, mvi kichwa kizima, amesimama mlangoni anatabasamu. Randa akainuka.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Nimealikwa kuongoza Meza kesho. Nikasema, hebu nipite nimsalimie fundi wangu."

Afadhali angemtukana. Randa alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la mbao.

"Ni mimi, mchungaji. Vigingi sikuweka. Nikakudanganya, nikawadanganya wazee, na mguu wako..."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba yangu alikuwa seremala. Nimelala pale chini, hata kulia sijaanza vizuri, tundu la gundi hili hapa mbele ya pua yangu." Mzee akacheka hadi akashikilia meza ya kazi. "Nikasema, kijana huyu kaniua!"

Randa hakucheka. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angekupa kazi tena? Ulikuwa umeoa juzi tu. Walipotafuta wa kulaumu, nikawaambia wanilaumu mimi. Na kuruka, tusifichane, nilikuwa naruka kweli."

"Basi nipe adhabu. Nitachonga mimbari nyingine, nitakufanyia lolote. Nimetengeneza mabenchi miaka yote hii, moyo haujatulia hata siku moja."

"Mabenchi nimetoka kuyaona. Lile la mbele umelipiga randa mpaka limebaki na wembamba wa rula. Mtu mnene akikalia, tutarudi hospitali." Kisha mzee akaacha utani, akamwekea mkono begani. "Mwanangu, kosa lako nililibeba. Likishabebwa, limebebwa. Na mimi jambo hili sikulibuni. Yupo aliyebeba ya kwangu, mazito kuliko mimbari, wala hakuishia kuvunjika mguu; alikufa. Akafufuka, akaniita mezani. Sasa wewe ni nani, ukasimame mlangoni na bawaba? Ndiyo, mkeo kaniambia."

"Lakini sistahili."

"Kwani wanaokula ndio wanaostahili? Mimi ningekuwa nimekufa njaa zamani!"

Hapo kitu kikamfunguka Randa kifuani. Alianza kulia, kilio kikageuka kicheko, akawa hajui kipi akizuie. Alijisikia mwepesi, na wepesi wenyewe ulimtia woga, maana alikuwa ameuzoea mzigo.

"Wazee nitawaambia mwenyewe," alisema akijifuta pua kwa aproni.

"Waambie. Lakini ule kwanza."

Kesho yake kanisa lilijaa pomoni. Mkate ulipoanza kugawiwa, Randa alisimama, na kwa mazoea miguu ikaelekea mlangoni. Akasita. Akapiga moyo konde, akageuka, akaingia kwenye foleni nyuma ya mkewe, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama siku zote na hakujua aliye mgongoni kwake. Mkewe akapokea, akasogea pembeni. Randa akabaki uso kwa uso na mtu ambaye yeye mwenyewe alimvunja mguu.

Mzee alikuwa ameegemea fimbo yake, macho yamemjaa machozi na meno yote yako nje. Akamega kipande, na kile kipande, shahidi ni mimi, kilikuwa kikubwa kupita cha mtu mwingine yeyote.

"Mwili wa Bwana," alisema, "uliotolewa kwa ajili yako."

"Amina," Randa akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wazee wa kanisa.

Mkewe aliitambua sauti ile. Akageuka, akamwona mumewe mdomo umejaa, anatafuna huku analia, akasahau kabisa yuko ibadani. Akapiga vigelegele.