Betri Iliyokula Chumvi Nyingi

Gari la Hatibu halikuwahi kusukumwa na binadamu. Alilisema hilo kila alikokwenda, na lilikuwa kweli, maana kazi hiyo ilifanywa na mlima. Kule kwao Kinole, Uluguruni, ukiweka chungwa chini hulikuti ulipoliacha. Hatibu aliegesha pikapu yake ikitazama bondeni. Asubuhi aliachia breki, gari likaserereka, akatia gia ya pili, likaunguruma. Stata kwake ilikuwa pambo tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyochoka Japani yakaanza kupata kazi mpya kwetu, na mwenye pikapu alikuwa mtu. Lakini Mzee Hafidhi wa Dakawa, mjomba wa msichana aliyeitwa Mwanahawa, hakubabaishwa na magari. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na huyu alikwishamrudisha mposaji mmoja kwa kosa la majigambo. Hatibu alimpenda Mwanahawa hadi chakula kikawa hakipiti. Mjomba akikataa, basi tena.

Desturi hairuhusu mposaji kujipeleka mwenyewe. Sasa nani angeendesha? Ndipo shangazi yake, Mwajuma, akaongoza ujumbe wa posa, na Hatibu akaenda kama "dereva", kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wenyeji wote walimjua, na wote walijitia hawamjui.

Wazee wakakaribishwa ndani. Dereva akabaki garini uani, injini amezima, akafungulia kaseti ya taarabu ili mtu fulani asikie. Mtu fulani akaja na sahani ya wali.

"Karibu chakula, dereva," alisema Mwanahawa, akibana kicheko. Kisha akatega sikio. "Mbona mwimbaji wako anasinzia?"

Kweli, sauti ya yule bibi ilikuwa ikivutika, nzito kama ya mwanamume.

"Kaseti hiyo, imechakaa."

"Hebu fungua boneti."

Mwanahawa alikulia katika nyumba isiyo na umeme, redio ya mjomba wake ikiendeshwa kwa betri ya gari, kwa hiyo alijua anachokitafuta. Vichwa vya betri ya Hatibu vilikuwa vimeota unga mweupe, na ubavu wake umevimba.

"Hii imekula chumvi nyingi, nyingine imeitemea hapa juu," alisema. "Taa zako hazififii? Honi haikwaruzi?"

Taa zilififia. Honi ilikwaruza tangu Ramadhani.

"Gari hili halijawahi kusukumwa," akajibu Hatibu, majigambo yakimtoka kabla hajayawahi. Mwanahawa akamtazama kwa huruma, akaondoka.

Mazungumzo yakaisha. Jibu, kama ilivyo ada, lingetolewa siku nyingine, wageni wakishafika kwao. Wakaagana, wakapanda. Hatibu akaachia breki. Gari likatulia tuli. Akasubiri. Ndipo alipoinua macho akaiona Dakawa: mashamba ya mpunga, tambarare kama sinia, hadi upeo wa macho. Akazungusha ufunguo.

"Ka," likasema gari. Akarudia. "Ka."

"Mteremko uko wapi?" aliuliza Shangazi Mwajuma kutoka nyuma, kwa sauti iliyofika jikoni.

Hatibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Wenyeji wakaanza kukunja mikono ya mashati. Mama yake Mwanahawa naye akajifunga kanga kiunoni, akaja kushika pikapu kwa nyuma. Mama mkwe amsukume mkwewe! Hilo lilimshinda. Akaruka chini, akavua kofia.

"Msisukume, wazee wangu. Shikamooni. Betri yangu mbovu. Dalili nimeziona siku nyingi, nikazifunika kwa maneno. Mwanahawa kaniambia hapahapa, nikabisha."

Mzee Hafidhi akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndara, akageuka, akaingia ndani. Kule ndani redio iliyokuwa ikitangaza mpira ikakatika ghafla, penalti haijapigwa. Mzee akatoka amekumbatia betri yake.

"Dereva," alisema, midomo ikimcheza, "funga hii mwende salama. Kisha mfikishie bwana harusi ujumbe wangu: betri yangu anirudishie mwenyewe. Na asivae kofia."

Hatibu alisimama na betri mikononi, asijue aiweke wapi. Shangazi Mwajuma ndiye aliyelinasa kwanza lile neno, "bwana harusi". Akapiga kigelegele hata nyaya hazijafungwa, na kingine kikamjibu kutoka jikoni.