Kadi ya Dada Mtu

Kadi ya bima ilikuwa ya dada mtu. Aliyelala kitandani akivuja damu alikuwa mdogo mtu. Mimba ilitoka asubuhi, na binti hana bima. Njiani kwenda hospitali dada akamfunza: "Wakikuuliza, taja jina langu. Lako lisahau." Undugu huo, jamani! Na mdogo mtu, aliyeitwa Chiriku nyumbani kwa sababu ya domo lake, siku hiyo akawa mtiifu kupita kiasi.

Muuguzi alimuuliza jina, akavuta damu, akaandika jina kwenye chupa palepale kando ya kitanda. Haukupita muda, mtaalamu wa maabara akaingia mbio.

"Faili linasema kundi la damu ni A. Hii chupa ni B. Sista, umechanganya wagonjwa!"

"Nani, mimi? Nimeiandika hapahapa, mgonjwa ananiona!"

"Basi vuta nyingine. Ile O ya dharura, ya kumpa yeyote, imekwisha, na sitoi mfuko wa damu mpaka nijue damu hii ni ya nani."

A ilikuwa ya dada mtu, iliandikwa alipojifungua wodi hiyohiyo. Akisema, atafukuzwa, pengine aitiwe polisi. Akinyamaza je? Akatazama midomo ya mdogo wake, imepauka kama majivu. Muuguzi anapapasa mshipa, haupati. Maneno yakamtoka bila ruhusa.

"Huyo si mimi! Kadi ni yangu, mtu ni mwingine! Nifungeni mkitaka, lakini mpeni damu!"

Mtaalamu hakuwa na muda wa kumtukana. Mshipa ukapatikana, jina la kweli likaandikwa kwenye chupa mpya, naye huyoo, maabara. Dada akabaki roho juu, kila dakika mwaka.

Mfuko wa B ukaja, una jina la kweli la Chiriku. Muuguzi akainama.

"Jina lako kamili nani?"

Chiriku akafumbua macho kidogo, akamtafuta dada yake, akataja jina la dada yake.

Halikulingana na la kwenye mfuko; muuguzi akaurudisha nyuma.

"Mungu wangu, hapana!" Dada akapiga magoti, akamshika mashavu. "Sema lako, mdogo wangu. Nilikufunza uongo mimi. Sema lako!"

"Watakufukuza, dada."

"Wanifukuze! Sema!"

Akalitaja, kwa sauti hafifu, la kwake na la baba yao. Muuguzi akalifuatisha kwenye mfuko kwa kidole, neno kwa neno, ndipo akafungua mpira, damu ikaanza kushuka. Dada hakuinuka. Aliogopa hata kupumua.